Santuri Mbili za Gould

Bach aliitunga Goldberg Variations kwa Aria moja na mageuzo 30. Glenn Gould aliirekodi kwa piano mara mbili: 1955, akiwa na miaka 22, kwa dakika 38; kisha 1981, mwaka mmoja kabla ya kufariki, kwa dakika 51. Mwenye pupa, akizilinganisha nyumbani kwa saa, hukata shauri kuwa vidole vilichoka. Sivyo: baadhi ya dakika hizo ni marudio aliyoyaacha ujanani. Mizani ya haki ni Aria ya mwanzo, isiyorudiwa popote: ya kwanza haitimizi dakika mbili, ya pili yafikia tatu. Hapo kimya chapata uzito, mithili ya pumzi ya mghani baina ya ukwapi na utao. Anayeitupa mojawapo huiziba nyingine mdomo.