Heko Wakufunzi wa DHIS2

Daktari akiokoa maisha tunamshangilia. Anayemfundisha karani wa wilaya kusoma takwimu, nani anamjua? Basi pongezi zangu ziwaendee wakufunzi wa warsha za DHIS2, programu ya kukusanya na kuchambua takwimu za afya, iliyotokana na mradi wa mifumo ya taarifa za afya, HISP, ulioanza Afrika Kusini mwaka 1994 na sasa inaratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway. Kenya iliieneza nchi nzima mwaka 2011. Tanzania inaitumia kwa MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya.

Warsha nzuri haikai kwenye vitufe tu. Inafundisha kutilia shaka. Watoto waliopata dozi ya tatu ya chanjo ya Penta mwaka mzima wakiwazidi waliopata ya kwanza, rejista za zahanati zifunguliwe upya. Na sifuri si sawa na nafasi tupu: sifuri yasema hakuna mgonjwa wa malaria, nafasi tupu haisemi lolote, labda ripoti haikuletwa. Mkufunzi hodari hulirudia hilo mpaka likae, hata kama washiriki wameshaanza kunusa chai ya saa nne.

Ndipo ofisa wa chanjo anapofungua takwimu za wilaya yake mwenyewe, na ubishi unaanza.