"Hifadhi" ya Mto na Wakazi Wasiohifadhiwa: Uhakiki wa Msamiati wa Ubomoaji Jijini Nairobi

Makala haya yanahakiki msamiati wa Kiswahili unaotumika kueleza usafishaji wa mito ya Nairobi. Hoja yetu ni moja: msamiati huo unaupa mto haki ya kulindwa, na papo hapo unamficha aliyebomoa nyumba za watu.

Mfano wetu ni Mukuru, makazi yaliyo kando ya Mto Ngong katika eneo la viwanda. Sehemu yake mojawapo inaitwa Viwandani. Kiambishi -ni katika jina hilo ni historia tosha: watu walifuata kazi, wakapanga vyumba mahali ambapo wangeweza kufika kiwandani kwa miguu. Baada ya mafuriko ya 2024, yaliyoua zaidi ya watu 200 nchini Kenya, serikali iliamuru kingo za mito zihamwe. Nyumba zikabomolewa Mukuru na Mathare, na familia zikaahidiwa shilingi 10,000 kila moja. Machi 2025 ukazinduliwa mpango wa kuufufua Mto Nairobi.

Hatukatai kwamba mto uliofurika huua, wala kwamba maji machafu yanapaswa kusafishwa. Tunachohoji ni lugha.

Kwanza, tuchukue kitenzi "kuhamishwa". Kutokana na hama tunapata hamisha, kisha hamishwa. Kauli ya kutendwa inaruhusu mtenda aachwe. Sentensi "wakazi walihamishwa" imekamilika kisarufi. Kwa upande wa haki, hata hivyo, ina pengo: walihamishwa na nani, wakapelekwa wapi?

Pili, lipo neno "hifadhi". Ukingo ukishaitwa hifadhi ya mto, mpangaji aliyelipa kodi kwa miaka mingi hugeuka "mvamizi" bila kusogea hata hatua moja. Aliyepokea kodi hiyo hatajwi.

Tatu, "nyumba za bei nafuu". Nafuu ni neno la ulinganisho: nafuu kuliko nini, na kwa nani? Mei 2025 nyumba 1,080 za kwanza zilikabidhiwa Mukuru. Jambo hilo linastahili sifa, kwani linathibitisha kwamba inawezekana kumjengea mtu karibu na kazi yake. Lakini aliyebomolewa 2024 alihitaji pa kulala usiku uleule. Tingatinga lilitangulia, nyumba ikafuata mwaka mmoja baadaye.

Suala hili si geni kwa wasomaji wa Fizi na Baraka. Mwaka 1996 watu wengi wa kwetu walivuka Ziwa Tanganyika, wakapokewa Nyarugusu. Waliitwa wakimbizi. Nomino hiyo humtaja anayekimbia. Aliyemkimbiza haonekani ndani yake. Katika miaka ya karibuni maji ya ziwa hilo yamepanda na kuingia katika nyumba za pwani. Siku ufuko wa Baraka utakapotangazwa kuwa hifadhi, maneno tuliyoyachambua yatakuwa tayari yanatungoja, na walio maskini ndio watakaoyasikia kwanza.

Kwa hiyo tunapendekeza kwa wanafunzi wetu, ambao kesho watakuwa watangazaji, wafasiri na makarani wa serikali, kanuni moja nyepesi: kila kitenzi cha kutendwa kinachohusu nyumba ya mtu kipewe mtenda wake. Aandike aliyeamuru, aandike aliyebomoa, kisha aandike waliolala nje.