Dola Sifuri

Katika Pure Data, programu ya kuundia sauti aliyoianzisha Miller Puckette mwaka 1996, mtu haandiki mistari ya msimbo, anachora. Anaweka kisanduku, anaandika ndani yake jina la kazi, kisha anavuta waya kutoka tundu la chini la kisanduku hiki hadi tundu la juu la kile. Kisanduku cha osc~ hutoa mlio, cha *~ hurekebisha ukubwa wake, cha dac~ huupeleka kwenye spika. Mchoro wa mwanafunzi wa wiki ya pili huwa umejaa nyaya zilizopandana kama wavu wa mvuvi ulioachwa mchangani bila kukunjwa. Hapo ndipo mtu hugundua njia ya mkato: andika s mlio katika kisanduku kimoja na r mlio katika kingine, na namba itavuka kutoka hapa hadi kule bila waya wowote.

Njia hiyo ni tamu, lakini jina mlio halisikiki katika mchoro huo tu. Linasikika katika kila mchoro uliofunguliwa ndani ya programu ileile, kwa kuwa majina yote hukaa katika daftari moja. Simama katikati ya soko la Kariakoo saa nne asubuhi uite “Juma!” uone watakaogeuka.

Nimesoma michoro ya watu wengi kuliko niliyoichora mwenyewe, na siku hizi kitu cha kwanza ninachokitazama si jinsi sauti inavyotengenezwa. Natazama majina. Mtu anaweza kujifunza hesabu za chujio la sauti kwa mwezi mmoja, lakini kujua jina lipi lisikike wapi huchukua muda mrefu zaidi, na ukishalijua huonekana kama si ujuzi kabisa.

Mimi nilijifunza kwa aibu. Nilichora sauti moja ya kinanda, nikauhifadhi mchoro kama faili la sauti.pd. Katika Pure Data faili la namna hiyo hugeuka kisanduku: ukiandika sauti ndani ya mchoro mwingine, faili zima linaitwa. Nikaweka visanduku vinane nipate kupiga noti nane kwa pamoja. Nikabonyeza ufunguo mmoja, zote nane zikahamia noti ileile. Ufunguo wa pili, zote zikahama tena. Hakukuwa na onyo lolote, kwa sababu hakukuwa na kosa: ndani ya kila nakala kulikuwa na r mlio, na nakala zote nane ziliitika kwa utii.

Dawa yake ni alama mbili, $0, ambazo hutamkwa “dola sifuri”. Kila faili linapofunguliwa hupewa namba ya peke yake, ya elfu moja na kitu, na popote ndani ya visanduku vyake ulipoandika $0 namba hiyo huingia. Ukiandika s $0-mlio, nakala moja itaita 1004-mlio na nyingine 1005-mlio, wala hazitasikiana kamwe. Mchoro mdogo uliochorwa ndani ya faili hilohilo hutumia namba ya mzazi wake, kwa hiyo unaweza kuficha fujo ndani ya kisanduku kidogo na majina bado yakaelewana. Max, ndugu mkubwa wa Pure Data aliyezaliwa katika taasisi ya IRCAM huko Paris katika miaka ya 1980, ana mbinu hiyohiyo, ila huiandika #0.

Aliyegundua dola sifuri jana huipachika kila mahali, na huo ni ugonjwa wa pili baada ya ule wa kwanza. Fundi hupima. Kasi ya muziki inatakiwa isikike kote, basi anaiacha tupu: s kasi. Mlio wa sauti moja ni siri ya sauti hiyo, basi $0-mlio. Kigumu ni kilichopo katikati. Tuseme kinanda chako kina sauti nane, nawe unataka vinanda viwili katika mchoro mmoja, kila kimoja na kitufe chake cha ukali. Kitufe hicho lazima sauti nane zikisikie, na nane za jirani zisikisikie. Jina tupu litavuka ukuta. Jina la $0 ndani ya sauti halitatoka nje ya sauti hiyo.

Jibu lake ndilo linalonifanya nivue kofia kila ninapolikuta. Ndani ya kinanda, fundi haandiki sauti peke yake. Anaandika sauti $0. Namba ya kinanda inateremshwa kwa kila mtoto kama hoja ya kwanza, yaani kitu cha kwanza kinachofuata jina la kisanduku, na ndani ya mtoto hoja hiyo huitwa $1. Sasa mtoto anasikiliza kwa majina ya aina tatu: kasi, la mji mzima, $1-ukali, la nyumba yao, na $0-mlio, lake mwenyewe. Ndivyo tunavyofanya kwenye simu zetu, tulio na Hassan watatu: Hassan Bomba, Hassan Bodaboda, na Hassan wa Shangazi ambaye nyumbani ni Hassan tu. Soma kisanduku cha r katika mchoro wa namna hii na utajua mara moja mwito unatoka umbali gani, kabla hujamtafuta anayeita.

Kuna mitego. Ndani ya kisanduku cha ujumbe alama ya dola ina kazi nyingine: $1 hapo ni kitu cha kwanza kilichoingia kwa waya, na $0 haileti namba ya faili. Anayetaka kuandika kwenye jedwali lenye jina la siri huweka f $0 pembeni, huigonga itoe namba, kisha namba hiyo huingia kwenye ujumbe kama $1. Ni mzunguko, na wajuzi huandika maelezo mafupi kando yake kwa ajili ya atakayekuja baadaye. Tena si kila jina hukubali masomo wengi. Visanduku vya r vinaweza kuwa mia kwa jina moja bila ugomvi. Upande wa mawimbi ya sauti, throw~ nyingi humwaga kwenye catch~ moja tu; weka catch~ ya pili yenye jina lilelile na programu italalamika.

Majina ya visanduku vyenyewe nayo hugongana. Maktaba za nyongeza zimeandikwa na watu wasiojuana, na wengi hupenda maneno mafupi yaleyale. Kuna scale katika maktaba ya cyclone na kuna scale katika maxlib, na hazipokei hoja kwa namna moja. Pure Data inapopakia vitu viwili vyenye jina moja, mgeni huchukua jina na mwenyeji hubandikwa mkia: anakuwa _aliased, na onyo hupita dirishani ambako wachache husoma. Fundi huandika jina la maktaba mbele, kisha mkwaju: cyclone/scale. Herufi nane zaidi, na mchoro utafunguka vilevile kwenye kompyuta ya mtu mwingine mwenye maktaba hiyo. Ukilihifadhi faili lako kwa jina la kisanduku cha asili, mathalani print.pd, halitaitwa kwa jina hilo tupu, maana cha asili hutangulia. Na faili linalojiita lenyewe kwa ndani hugomewa na programu. Hilo nimelifanya zaidi ya mara moja.

Wiki iliyopita nilifungua mchoro wa mtu nisiyemjua. Nyaya chache, fupi, zinazoshuka wima. Majina matatu tupu tu katika kinanda kizima. Nikachagua kisanduku cha sauti ya nane, nikabonyeza Ctrl na D. Ya tisa ikatokea kando yake, tayari ina namba yake, inasikiliza ukali wa nyumba na kasi ya mji, na zile nane zikaendelea kushikilia noti zao bila kuyumba.