Uyoga Usio na Shina

Picha niliyojivunia kuliko zote niliipiga Biharamulo, asubuhi baada ya mvua ya usiku, nikiwa nimelala kifudifudi porini kwenye miombo. Uyoga wa rangi ya chungwa, kofia imejaa matone, nyuma yake kijani kilichoyeyuka. Nilipiga kumi na mbili, kila moja nikisogeza fokasi kidogo, programu ikaziunganisha. Nikafuta majani makavu na chembe za udongo. Nikakoleza chungwa, nikaituma kwenye kundi la WhatsApp la familia.

Bibi, ambaye ndiye aliyenionyesha uyoga ule, aliitazama kwenye simu ya mjomba, akairudisha. "Huu siujui, mjukuu wangu."

Nilicheka. Jioni binamu yangu aliyeko Mwanza akatuma picha yake: uyoga wa chungwa alioukuta nyuma ya nyumba anayopanga. "Si ndio huu wa bibi? Nishauosha." Nilimpigia mara tatu ndipo akapokea. Aliutupa. Hadi leo hatujui kama ulikuwa na sumu.

Tangu siku hiyo nazitazama upya picha za uyoga, zangu na za wengine. Mtindo wake unajulikana: kamera chini kabisa, uyoga mmoja kama mfalme, nyuma ukungu mtupu. Filamu ya Fantastic Fungi ya mwaka 2019 iliupeleka uzuri wa kuvu kwa watazamaji wengi, na sina ugomvi na uzuri huo. Kuunganisha picha nyingi nako si uongo. Lenzi ikisogea karibu sana, huona vizuri sehemu nyembamba tu. Kuunganisha kunarekebisha udhaifu huo. Ni kwa njia hiyo nilivyoona chini ya kofia ya Cantharellus: si kurasa zilizojitenga, ni mikunjo inayoteremka hadi kwenye shina.

Uongo huanzia kwingine.

Huanzia kwenye ukungu. Cantharellus huishi kwa kushikamana na mizizi ya miti. Termitomyces hutoka kwenye makazi ya mchwa, na shina lake huzama ardhini mithili ya mzizi mrefu. Mti na kichuguu ni sehemu ya jina la uyoga. Nilichokiona mimi kuwa vurugu ya nyuma, bibi hukisoma kama anwani.

Kisha usafi. Madoa juu ya kofia za baadhi ya Amanita ni mabaki ya ngozi iliyoufunika uyoga ukiwa mchanga. Mabaki mengine huwa kama kikombe chini ya shina, udongoni. Jenasi hiyo ina chakula, kama Amanita tanzanica iliyopewa jina la kisayansi mwaka 1994, na ina aina zinazoua kwa kuharibu ini. Kidole kinachofuta "uchafu" kwenye simu kinaweza kuwa kinafuta ushahidi.

Rangi huja mwisho, nayo ndiyo iliyomdanganya binamu. Nikishaondoa shina, udongo na mti, nilimwachia nini cha kulinganisha isipokuwa chungwa?

Marja Härkönen, Tuomo Niemelä na Leonard Mwasumbi walitoa kitabu cha Tanzanian Mushrooms mwaka 2003. Humo picha haiachwi iongee peke yake. Ina maelezo, na wenyeji wanapewa nafasi ya kusema wanauitaje uyoga na wanaula vipi. Ng'ambo ya mpaka, Bart Buyck alikuwa ameandika juu ya uyoga unaoliwa magharibi mwa Burundi, mwaka 1994, akakiita kitabu chake Ubwoba. Kwa Kirundi neno hilo likiandikwa ni uyoga, na pia ni hofu. Sauti tu ndiyo hutofautisha. Sijaona maelezo ya picha yaliyo mafupi na ya kweli kuliko hayo.

Najua jibu la msanii: picha yangu si kitabu cha mapishi. Ni haki yake, mahali ambapo hakuna anayechuma. Lakini hapa msimu wa mvua uyoga ni mboga, na picha ikishasambazwa haiendi na mwenyewe wa kuieleza.

Nilirudi kwa bibi na simu ileile. Alitandika khanga, akapanga uyoga mitatu mizima na udongo wake: mmoja umesimama, mmoja umepinduliwa, wa tatu umepasuliwa kwa kisu. Niliweka karatasi nyeupe pembeni ili kamera isidanganywe na kivuli cha kijani cha miti. Sikufuta kitu. Picha imejaa mikunjo ya khanga na kidole gumba cha bibi.

"Huu naujua," alisema, akataja jina.

Hiyo ndiyo niliyoituma Mwanza. Ya kwanza bado ipo kwenye simu. Bado naipenda zaidi.