Kiswahili cha kutisha, Kiingereza cha kueleza

Katiba ya mwaka 2010 haikuficha kitu. Kifungu cha 7 kinakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, sambamba na Kiingereza, lugha rasmi. Kifungu cha 46 nacho kinampa mnunuzi haki ya kupata habari za kumwezesha kuifaidi bidhaa kikamilifu. Ukivisoma pamoja, utatarajia kukuta Kiswahili kwenye kila rafu ya duka. Juma hili nimezisoma rafu hizo mtaani Kileleshwa, katika duka kubwa moja na vibanda viwili vitatu. Kiswahili kipo, ila kimepewa kazi moja: kutisha.

Chukua pakiti ya sigara. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 inataka maonyo ya afya yaandikwe kwa Kiingereza na Kiswahili, yachukue angalau asilimia 30 ya upande wa mbele na 50 ya upande wa nyuma. Geukia dawa za mende na panya: pale kando ya fuvu na mifupa, Kiswahili kinapiga kelele kwa herufi kubwa. HATARI. WEKA MBALI NA WATOTO. Sasa hamia kwenye chakula. Unga wetu una majina ya Kiswahili kitamu, Jogoo, Pembe, Soko, Ndovu, lakini shuka chini ya jina usome kilichomo na jinsi ya kukihifadhi. Aghalabu ni Kiingereza. Hakuna sheria iliyovunjwa. Kwa chakula kilichofungashwa, Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, yaani KEBS, huridhika na Kiingereza au Kiswahili. Mwachie mfanyabiashara hiyo “au” na unajua atachagua nini.

Nitaambiwa kwamba Kileleshwa si mahali pa kulilia hayo, watu wa huko wamesoma. Sawa. Lakini katika mtaa wa maghorofa kama ule, anayenunua mara nyingi siye anayetumia. Yaya ndiye anayepima maziwa ya kopo ya mtoto, vijiko vingapi kwa maji kiasi gani. Mama wa kufua ndiye anayeshika chupa ya jiki (hata kama kampuni ni nyingine, Nairobi yote ni jiki) na pembeni yake dawa ya choo yenye asidi. Ukizichanganya mbili hizo, hutoka gesi ya klorini, inayochoma mapafu. Kwenye chupa moja niliyoigeuza, katazo hilo lilikuwa kwa Kiingereza cha herufi za sisimizi.

Kando ya barabara ya Othaya nilimsikia dada mmoja akimuuliza mwenye kibanda, “Hii ni ya vyombo ama ya sakafu?” Mwenzake hakusoma popote. “Ni ya vyombo, auntie, si unaona ndimu?” Ndimu! Ndimu iko kwenye sabuni ya vyombo, iko kwenye dawa ya choo, iko kwenye sharubati. Picha bila maneno humwambia kila mtu anachotaka kusikia.

Na hata Kiswahili kilichopo hakijafikiriwa. Mfumo wa Umoja wa Mataifa wa lebo za kemikali una maneno mawili ya kushtua: “danger” kwa madhara makali, “warning” kwa yaliyo nafuu. Sisi tumeyageuza “hatari” na “onyo”, basi, kazi imekwisha. Lakini ni nani anayehisi kwamba onyo ni dogo kuliko hatari? Onyo ni barua ya mwajiri kabla ya kufutwa kazi. Na hatari, mitaani, imekuwa sifa: mchezaji akifunga bao safi, “huyo ni hatari!” Ngazi iliyo wazi kwa Kiingereza imelala chini kama ubao. Mimi ningetumia vitenzi: HUUA, HUDHURU. Ni vifupi, na mtoto wa darasa la pili anajua kipi kizito.

Tarehe nazo ni balaa. “Best before” inazungumzia ubora: biskuti ikipita siku hiyo huenda ikapoteza ladha tu. “Use by” inazungumzia usalama. Kiswahili chetu cha vibandiko huzifunika zote kwa “mwisho wa matumizi”, na hivyo mmoja anatupa unga mzima huku mwingine, aliyezoea kwamba tarehe hupita bila kisa, anakula nyama iliyovunda. Lugha yenye kuchacha, kuvunda, kuoza na kuota ukungu haishindwi kutofautisha mambo mawili. “Ladha bora hadi” kwa biskuti, “usitumie baada ya” kwa nyama.

KEBS ikikaa tena na watengenezaji kuvipitia viwango vya lebo, isianze na biskuti. Ianze na kopo la maziwa ya mtoto na ile chupa ya jiki, na hapo iandike “na” palipo na “au”.