Dhahabu ya Kibali katika akiba ya uzee ya Montréal

Mgodi wa Kibali, huko Doko katika Haut-Uélé, kaskazini-mashariki mwa Kongo, ulitoa dhahabu yake ya kwanza mwaka 2013. Asilimia 45 ya mgodi ni ya Barrick ya Toronto, asilimia 45 ni ya AngloGold Ashanti, na 10 zilizobaki ni za SOKIMO, kampuni ya serikali iliyorithi machimbo ya Kilo-Moto. Barrick imo katika fahirisi ya S&P/TSX 60, yaani orodha ya kampuni 60 kubwa za soko la hisa la Toronto. Basi mtoto wa Bunia, katika mkoa jirani wa Ituri, anayefanya kazi Montréal, akiweka akiba ya uzee wake katika mfuko unaofuata fahirisi hiyo, anakuwa amenunua kipande cha dhahabu ya upande wa kwao bila kujua. Wapo watakaolifurahia jambo hilo. Mimi naliona ni onyo. Anayechagua mfuko wa uzeeni aanze kwa kuhesabu mali ambayo yeye na jamaa zake wanayo tayari, kisha anunue ile wasiyokuwa nayo.

Mifuko ya namna hii inayouzwa sokoni kama hisa ilianzia Toronto kwenyewe, mwaka 1990, pale soko la hisa la mji huo lilipotoa hati moja iliyobeba hisa za kampuni 35 kwa pamoja. Mfuko wa fahirisi hauna bingwa wa kubahatisha kampuni ipi itapanda. Unanunua zote zilizo kwenye orodha, kila moja kwa uzito wake, na kwa sababu hiyo gharama yake ni ndogo. Hapa ndipo penye faida ya hakika, kuliko ahadi yoyote ya muuzaji. Chukua dola 10,000 zinazokua kwa asilimia 6 kwa mwaka, uziache miaka 30. Mfuko unaokata asilimia 0.2 kwa mwaka utakuachia kama dola 54,000. Mfuko unaokata asilimia 2, kiwango ambacho benki nyingi za Kanada zimewatoza wateja wao wa kawaida kwa miaka mingi, utakuachia kama 32,000. Tofauti hiyo ya dola 22,000 haikuliwa na msukosuko wa soko, imekwenda kwa wasimamizi. Kuhusu gharama, kwa hiyo, sioni cha kubishania.

Ubishi uko kwenye orodha yenyewe. Mfuko wa Kanada peke yake unaweza kuwa wa bei nafuu mno, kama XIC unaokata kiasi cha asilimia 0.06, lakini Kanada ni karibu asilimia 3 tu ya thamani ya masoko ya hisa ya dunia. Tena asilimia 3 hizo zimeegemea upande mmoja: benki na bima huchukua karibu theluthi ya fahirisi, na ukiongeza mafuta, gesi na madini umeshapita nusu. Mwaka 2000 hatari ya mwegemeo huo ilionekana wazi. Kampuni moja tu ya vifaa vya simu, Nortel, ilikuwa imefikia zaidi ya theluthi ya uzito wa fahirisi kuu ya Toronto. Hisa yake ilifika dola 124 za Kanada mwaka ule, ikashuka chini ya dola moja mwaka 2002, na Januari 2009 kampuni ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai. Aliyedhani amesambaza akiba yake kwenye kampuni mia tatu za fahirisi hiyo alikuta theluthi yake ilikuwa kwenye kikapu kimoja. Ndiyo maana zikatungwa fahirisi zenye kikomo, ambapo kampuni moja haivuki asilimia 10.

Sasa tuje Bunia, maana akiba ya mtu wa Ituri haiishii kwenye jina lake. Ndugu aliye Montréal hutuma pesa nyumbani, na pesa hizo hugeuka parseli, matofali, ng'ombe, au dhahabu iliyonunuliwa kwa negosian, yaani mchuuzi wa dhahabu, aliyetoka machimbo ya Mongbwalu. Kongo haina soko la hisa. Faranga haishiki thamani kwa muda mrefu, na mtu aliyeishi miaka ya tisini, noti zilipobadilishwa mwaka 1993 na tena mwaka 1998, hahitaji kufundishwa hilo. Kwa hiyo watu hushika kinachoshikika, nao wana sababu. Lakini mali hizo zote zinategemea jambo moja, nalo ni amani ya Ituri. Mwaka 2003 watu walikimbia Bunia wakaacha nyumba zao wazi. Tangu mwisho wa 2017 vijiji vya Djugu vimechomwa na ng'ombe wameporwa, na kuanzia Mei 2021 mkoa umekuwa chini ya utawala wa kijeshi. Familia yenye viwanja, ng'ombe na dhahabu huku, na mshahara wa Kanada kule, imeshabeba Ituri na Kanada vya kutosha. Kinachokosekana ni sehemu nyingine ya dunia: viwanda vya Japani, dawa za Uswisi, kompyuta za Marekani, benki za India.

Wapo watakaosema dhahabu imewashinda wote, hasa baada ya wakia moja kupita dola 4,000 mwaka 2025. Hilo ni kweli, na wenye dhahabu wamefurahi kwa haki. Ila Januari 1980 wakia ilifika dola 850, mwaka 1999 ikawa karibu 250, na haikuirudia 850 hadi Januari 2008. Aliyestaafu mwaka 1980 akitegemea dhahabu tupu angesubiri miaka 28, na kwa kuwa bei za vitu zilikuwa zimepanda, hata hapo asingekuwa amerudishiwa chake. Dhahabu hailipi gawio wala riba wakati unaingoja. Faida yake kubwa ni kubebeka usiku wa kukimbia, na kwa anayeishi Bunia faida hiyo ni nzito sana. Anayeishi Montréal hana haja nayo, na kama kwao ipo tayari, kuongeza mfuko wa madini ni kurudia hesabu ileile.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba dunia nayo huanguka. Kati ya Oktoba 2007 na Machi 2009 hisa za kampuni kubwa za Marekani zilipoteza zaidi ya nusu ya thamani, na hadi mwaka 2013 ndipo zikarudi pale zilipokuwa. Kijana wa miaka 30 anaweza kungoja. Mtu wa miaka 60 hawezi, na huyo anatakiwa kuwa na hati fungani za serikali za kumtosha miaka kadhaa ya matumizi, hata kama hazikui haraka. Wengine watataja kodi: serikali ya Kanada hupunguza kodi ya gawio la kampuni za nyumbani. Nafuu hiyo haifanyi kazi ndani ya REER wala CELI, akaunti zenye kinga ya kodi ambamo mfanyakazi wa kawaida huweka akiba yake yote. Kuna pia kodi ya asilimia 15 ambayo Marekani hukata kwenye gawio, na ambayo mwenye REER huikwepa akinunua mfuko uliosajiliwa New York. Kwa gawio la asilimia 1.3, kodi hiyo ni kama asilimia 0.2 ya mali kwa mwaka, na gharama ya kubadilisha dola za Kanada kuwa za Marekani kwenye benki inaweza kumeza nafuu ya miaka kadhaa. Mwenye akiba ndogo asijisumbue.

Kwa hiyo, kwa mtu wa Ituri aliye Kanada na ambaye bado ana miaka mingi ya kazi, mfuko mmoja wa hisa za dunia nzima unatosha. Mifuko ya XEQT na VEQT, yote ya mwaka 2019, hufanya kazi hiyo kwa gharama ndogo, ingawa kwangu robo au zaidi inayoipa Kanada ni nyingi. Kabla hujanunua, mpigie simu mkubwa wa familia Bunia umuulize parseli ni ngapi, ng'ombe wangapi wamebaki, na dhahabu ni gramu ngapi. Andika majibu hayo kwenye karatasi moja na akaunti zako, ndipo uchague.