Hadi Kiungo cha Mwisho

Kuna kazi ambayo ikifanywa vizuri hakuna anayeiona. Katibu wa idara anataka kujua ni nyaraka zipi zimo katika maktaba ya mradi. Mtunzi wa programu anaandika mistari michache, programu inabisha hodi kwenye seva ya mbali, na punde orodha inafika mezani: majina ya faili, ukubwa wake, tarehe, na jina la aliyeigusa kila moja mara ya mwisho. Katibu anashukuru na kuendelea na shughuli zake. Kazi hiyo nimeifanya kwa muda mrefu na ninaipenda, na inaniuma kuona inavyodharauliwa. Hukabidhiwa kijana anayejifunza, kwa dhana kwamba kuorodhesha ni kuomba na kupewa.

Nitaizungumzia mahali ninapoifahamu, yaani katika maktaba za nyaraka za SharePoint, programu ya Microsoft iliyoanza mwaka 2001 na ambayo leo inaishi zaidi katika wingu. Mlango wa kuingilia ni Microsoft Graph, API (njia ya programu moja kuzungumza na nyingine) iliyozinduliwa mwaka 2015. Ombi lenyewe ni fupi. Unataja maktaba, unataja folda, unamalizia na neno `children`, nawe unajibiwa kwa JSON, maandishi ambayo mtu na mashine wote huweza kuyasoma. Wengi huishia hapo. Folda ya majaribio ilikuwa na faili 40, faili 40 zimekuja, basi kazi imekwisha.

Haijakwisha. Graph isipoelekezwa vingine hutoa vitu 200 kwa ukurasa. Kama vimebaki vingine, ndani ya jibu huwekwa kiungo, `@odata.nextLink`, cha kuombea ukurasa unaofuata. Programu isiyokijali kiungo hicho itaendelea vizuri mwezi baada ya mwezi, mpaka folda ipate faili ya 201. Siku hiyo programu haizimiki wala haitoi onyo. Inaleta orodha safi, imepangwa vizuri, ina faili 200, na kila anayeisoma anaamini kwamba hiyo nyingine haipo. Mkaguzi ataandika kwamba mkataba haukuwasilishwa, ilhali mkataba umo, umelala ukurasa wa pili. Sijui kosa baya kuliko hili katika fani yetu. Programu inayoanguka humwamsha mwenyewe akaitengeneze, lakini inayoleta nusu ya orodha kwa sura ya orodha nzima humwacha amelala.

Fundi hufuata kiungo baada ya kiungo mpaka lije jibu lisilo na kiungo. Wala hajaribu kukibuni yeye mwenyewe kwa kubadilisha namba ndani yake, kwa sababu alama zilizomo ni za seva. Yeye hukirudisha kama alivyokipokea. Wazo hili lina asili yake. Mwaka 2000 Roy Fielding, katika tasnifu yake ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha California, Irvine, aliueleza mtindo wa kujenga mifumo ya wavuti alioupa jina REST. Moja ya mihimili yake ni kwamba mteja aongozwe na viungo anavyopewa na seva, asiende kwa njia aliyoikariri. Kila anayefuata `nextLink` kwa subira anaishi ndani ya wazo hilo, hata kama hajawahi kulisikia jina la Fielding.

Halafu kuna namba 5,000, ambayo wasimamizi wa SharePoint huitaja kwa uchungu. Maktaba moja inaweza kubeba vitu hadi milioni 30, lakini swali litakalolazimisha kanzidata kupitia zaidi ya vitu 5,000 visivyo na faharasa hukataliwa. Watu huona ni ubahili, lakini sababu yake ni ya busara. Chini ya SharePoint kuna kanzidata ya SQL Server, na swali moja likishikilia kufuli za mistari ipatayo 5,000, kanzidata huacha kufunga mstari mmoja mmoja ikalifunga jedwali zima. Wengine wote hubaki wakisubiri nje. Kikomo kimewekwa ili swali la mtu mmoja lisisimamishe kazi za mamia. Dawa yake ni kuiwekea faharasa safu unayochujia, kisha kuuliza swali jembamba, na kutumia `$select` kuomba vile tu utakavyovitumia. Kama unahitaji jina na tarehe, kwa nini uibebeshe seva sifa ishirini za kila faili?

Adabu hiyo hiyo ndiyo inayodaiwa na jibu namba 429, ambalo maana yake ni kwamba umeuliza mno. Mara nyingi huja na `Retry-After`, idadi ya sekunde za kusubiri. Zisubiri zote. Anayerudi kabla ya muda huo anajichelewesha mwenyewe.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna mambo mawili ya kuangalia zaidi. La kwanza ni ritifaa. Katika API ya zamani ya SharePoint, ile ya `_api`, njia ya folda huandikwa ikiwa imefungwa kati ya ritifaa mbili. Sasa chukua folda iitwayo Chanjo za Ng'ombe. Seva inaifikia ritifaa ya ng'ombe, inadhani jina limekwisha, na ombi zima linaharibika. Tiba ni kuiandika mara mbili: `Ng''ombe`. Tena kuna ritifaa iliyonyooka na ile iliyopinda ambayo Word hupenda kuiweka yenyewe. Kwa macho ni jina moja, kwa seva ni majina mawili. Programu iliyojaribiwa kwa majina ya Kiingereza peke yake haijajaribiwa kwa ajili yetu.

La pili ni saa. Graph huandika nyakati kwa saa za ulimwengu, na herufi Z mwishoni, nasi tuko saa tatu mbele. Mwaka wa fedha wa serikali Tanzania na Kenya hufungwa tarehe 30 Juni. Taarifa iliyohifadhiwa saa saba na nusu usiku wa kuamkia tarehe 1 Julai itasomeka kwenye orodha kuwa ni ya tarehe 30 Juni, saa 22:30. Asiyegeuza saa atatoa ushahidi kwamba taarifa iliyochelewa iliwahi. Katika zabuni, hilo si jambo dogo.

Ruhusa nayo haionekani kwa macho. Programu inayouliza kwa niaba ya mtu huona anachoruhusiwa mtu huyo, na asichoruhusiwa hakitokei kikiwa na kufuli; hakitokei kabisa. Kwa hiyo watu wawili huuliza swali moja, dakika moja, wakapata orodha mbili tofauti na zote mbili ni sahihi. Kwa programu inayojiendesha yenyewe napendelea kibali cha `Sites.Selected`, ambacho peke yake hakifungui chochote mpaka msimamizi aipe programu ruhusa ya kila tovuti inayohitaji. Ni usumbufu wa siku moja, lakini haki ya wenye nyaraka inalindwa.

Ninachokipenda kuliko vyote ni ombi la Graph liitwalo `delta`. Mara ya kwanza inakupitisha katika maktaba nzima, folda ndani ya folda, ukurasa kwa ukurasa, na mwishoni inakukabidhi kiungo cha namna nyingine. Kesho ukirudi nacho, unaelezwa yaliyobadilika tu, pamoja na yaliyofutwa, yakiwa yametiwa alama ya kufutwa. Kitu kimoja kinaweza kujitokeza zaidi ya mara moja. Unachukua kilichotokea mwisho. Ukikawia mno, seva huweza kukujibu 410, yaani kiungo chako hakifai tena. Hapo fuata mfano wa karani mwema wa ghala: hafanyi makisio ya magunia. Huanza kuhesabu tangu mlangoni.

Kwa hiyo, msomaji, ukiletewa orodha ya nyaraka na ukatakiwa kuamua jambo kwayo, muulize aliyeileta: ilitolewa kwa ruhusa ya nani, saa ngapi na kwa majira ya wapi, na je, ukurasa wa mwisho ulifikiwa? Akikosa majibu, mrudishie akaifanye upya.